Jiwe la Mugere Laulizwa Maswali

Njooni, wapwa zangu. Kaeni hapa chini ya michikichi. Jana mmoja wenu aliniuliza: "Mjomba, kwa nini watu wanagombania sanamu? Si mawe tu?" Swali zuri hilo! Anayeuliza hivyo, kichwa chake kinachemka.

Mkitoka Gatete kwenda Bujumbura, ziwa liko mkono wa kushoto. Kabla hamjaingia mjini, pale Mugere, kuna jiwe kubwa limekaa kilimani. Limechongwa majina ya wasafiri wawili Wazungu na tarehe: Livingstone, Stanley, 25 Novemba 1871.

"Ndipo walipokutana?" Hapana. Wengi husema hivyo, hata watu wazima. Walikutana Ujiji, wiki mbili kabla. Hapa walilala tu, usiku mbili, wageni wa chifu Mukamba. Walikuja kwa mtumbwi kutazama kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Unaingia. Wavuvi wetu walilijua hilo zamani, na hakuna aliyewachongea jiwe.

Sikilizeni, jiwe linasema. "Mimi nilikuwepo kabla yao. Sikuomba kuandikwa. Na Mukamba aliyewakaribisha, jina lake liko wapi? Ferajji, mpishi wao, liko wapi? Wapiga makasia, majina yao yako wapi?"

Haya, tuseme mgeni anakula kwenu ugali na samaki aina ya mukeke, anashiba, kisha anachora jina lake kwenye chungu cha mama. "Aa, mjomba! Mama atakasirika!" Atakivunja? "Hapana, atakisugua." "Mimi naona akiache, lakini naye aandike jina lake." Mmeona? Mmeshaanza kubishana. Wakubwa nao hubishana hivyo hivyo.

Lakini Stanley hakuishia kula. Kuanzia 1879 alifanya kazi ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, akimfungulia njia na vituo huko Kongo, ng'ambo ya ziwa letu. Kuanzia 1885 hadi 1908 Leopold aliifanya nchi nzima mali yake mwenyewe. Watu walilazimishwa kugema mpira. Wengine walikatwa mikono. Waliokufa ni wengi mno.

"Na sanamu zao?" Ya Stanley ilisimama Kinshasa, juu ya mlima Ngaliema. Mwaka 1971, enzi za rais Mobutu, ikaangushwa. Ya Leopold ilikuwa imeondolewa mapema, 1967. Mwaka 2005 serikali ikairudisha mjini. Ikasimama saa chache tu, ikang'olewa tena! Sijawahi kusikia sanamu iliyochoka kusimama upesi hivyo.

Sasa twendeni Wales, mji wa Denbigh, alikozaliwa Stanley. Huko nako ana sanamu. Mwaka 2021 wakazi walipiga kura. Iachwe, 471. Iondolewe, 121. Ikaachwa.

"Wakongo walipiga kura, mjomba?" Hapana. Ilikuwa kura ya wakazi wa mji ule.

"Lakini Stanley kazi yake aliifanyia Kongo!" Ndiyo, mwanangu. Ndiyo kabisa. Hilo ulilosema, wakubwa wengi hawajalifikiria.

"Na jiwe letu, ungeling'oa?" Nisingeling'oa. Stanley hakuja nalo kwenye mtumbwi, alilikuta hapa. Ningemtafuta fundi mwenye nyundo na patasi, achonge jina la Mukamba juu kabisa, herufi kubwa kuliko zao. Ferajji naye apate mstari wake, maana bila mpishi hakuna safari.

"Mimi ningelisukuma mpaka ziwani!" anasema mdogo wenu. Haya, lisukume. Ila kwanza kawaulize watu wa Mugere, maana linakaa kwao. Na umchukue shangazi yako. Yeye anataka liachwe kama lilivyo, na kwa kubisha hajawahi kushindwa.