Injini Inapogonga Gari Likiwa Limesimama

Katika Wilaya ya Kilolo, Mkoani Iringa, gari si pambo la nyumba. Wilaya hii, iliyoundwa mwaka 2002 kutokana na iliyokuwa Wilaya ya Iringa Vijijini, imekaa katika milima ya Udzungwa, na barabara zake nyingi ni za kupanda na kuteremka. Gari la familia ndilo linalopeleka nyanya za Ilula sokoni na watoto shuleni; na usiku usiotarajiwa ndilo linalomwahisha mama mjamzito hospitali. Injini ikifa katikati ya mlima wa Kitonga, hasara haimpati mwenye gari peke yake.

Kwa bahati njema, injini nyingi hazifi ghafla. Hutoa taarifa kwanza, na taarifa hiyo husikika vizuri zaidi gari likiwa limesimama, injini ikinguruma polepole bila kukanyagiwa mafuta, hali ambayo mafundi wetu huiita sailensi. Wakati huo hakuna kelele za matairi wala za upepo za kuificha. Lakini wengi wetu huongeza sauti ya redio, au hukimbilia gereji na kumwambia fundi tu kwamba “gari linapiga kelele”. Matokeo yake ni injini kufumuliwa wakati kilicholegea kilikuwa mkanda wa feni.

Oili Kwanza

Kabla ya kumtafuta fundi, pima oili. Zima injini, subiri dakika 5 hadi 10 oili ishuke chini, kisha chomoa kijiti cha kupimia. Jambo hili lifanyike mahali tambarare, kwani katika vilima vyetu gari lililoinama hutoa kipimo cha uongo. Oili iliyopungua au iliyochakaa hushindwa kulainisha vyuma, navyo huanza kugongana.

Mtu wa nyanda za juu akumbuke pia baridi ya Juni na Julai. Alfajiri oili huwa nzito na huchelewa kupanda juu ya injini. Mlio mwepesi unaodumu sekunde chache baada ya kuwasha na kisha ukatoweka, kwa kawaida si ugonjwa. Unaobaki injini ikishapata moto ndio wa kufuatiliwa.

Kila Sauti na Chanzo Chake

Mlio mwepesi wa haraka, mfano wa cherehani, unaotoka juu ya injini, mara nyingi ni wa tapeti za valvu zilizolegea. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 400. Ndiyo maana mlio huo huenda kwa mpangilio usiobadilika. Katika injini nyingi dawa yake ni kurekebisha nafasi ya tapeti, kazi ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Mlio mkali wa kulia, hasa asubuhi, huelekea kwenye mkanda wa feni uliolegea au kukauka. Mkwaruzo usiokoma hapo mbele waweza kuwa wa beringi za alternata au za pampu ya maji. Mlio unaobadilika pale dereva anapokanyaga klachi huelekeza kwenye beringi za klachi au za giaboksi. Mtikisiko wa gari zima waweza kutokana na raba zinazoshikilia injini kukatika, au injini kumisi kwa sababu ya plagi mbovu. Kwa gari la dizeli, hukaguliwa nozeli.

Sauti ya kupumua “pu, pu, pu” inayopungua injini ikipata moto huashiria bomba la moshi linalovuja. Hili lisipuuzwe, kwa maana moshi huo una sumu isiyo na harufu, iwezayo kuua watu ndani ya gari au kibanda kilichofungwa.

Sauti ya kuogopwa kuliko zote ni mgongo mzito wa chini, “du, du, du”, hasa ukifuatana na taa ya oili kuwaka. Hapo injini inanoki. Yawezekana beringi za chini zimekwisha. Zima papo hapo. Gari hilo livutwe, lisiendeshwe hata kilometa moja, kwani beringi zikiachwa huharibu krenkishafti, na gharama ya oveholi yaweza kumeza fedha za mavuno.

Kusikiliza kwa Usalama

Mafundi wetu hutumia bisibisi ndefu: ncha huwekwa juu ya chuma cha injini na mpini karibu na sikio, wakihama sehemu moja hadi nyingine mpaka sauti izidi. Ni njia nzuri, lakini si mchezo. Ncha ya kanga, tai au mkono wa shati hunaswa na mkanda kwa kufumba na kufumbua. Watoto wakae mbali, na mikono isikaribie feni. Feni za umeme huweza kujiwasha hata injini ikiwa imezimwa.

Ufikapo gereji, mweleze fundi mambo manne: sauti hutoka upande gani, huanza injini ikiwa ya baridi au ya moto, huongezeka ukikanyaga mafuta au la, na ilianza lini. Kisha mwombe aisikilize injini mbele yako kabla ya kushika spana, na akuoneshe kila kifaa alichokitoa. Fundi mzuri haoni haya kuonesha kazi yake.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla mizigo haijapakiwa, zima redio, fungua boneti na uisikilize injini kwa dakika mbili. Mama na watoto nao waulizwe, kwani anayepanda gari kila siku huutambua mlio mpya hata kabla ya dereva aliyekwisha kuuzoea.