Kusoma Kingamwili za Lupasi

Kingamwili ni protini ambazo seli nyeupe za aina ya B huzitengeneza ili kunasa virusi, bakteria na vitu vingine vigeni. Kwa mtu mwenye lupasi, sehemu ya protini hizo hugeukia mwili wenyewe, na shabaha yake kubwa ni vitu vilivyomo ndani ya kiini cha seli: DNA, protini zinazoizunguka na chembe zenye RNA. Kingamwili za namna hii huitwa otoantibodi. Zaidi ya mia moja zimekwisha kuelezwa kwa wagonjwa wa lupasi, lakini zinazomsaidia daktari kitandani mwa mgonjwa ni chache, na kila moja ina ujumbe wake.

Seli za mwili hufa kila siku, na kwa kawaida mabaki yake huondolewa kabla hayajaleta madhara. Katika lupasi uondoaji huo ni hafifu. Vitu vya kiini vilivyostahili kubaki vimefichika huachwa wazi, na mfumo wa kinga hujifunza kuvipiga vita. Kingamwili zikishikamana na vitu hivyo hufanya mafungamano yanayotuama kwenye figo, ngozi, viungo na mishipa ya damu, kisha kuwasha uvimbe. Mwaka 1948 Malcolm Hargraves na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza seli nyeupe iliyomeza kiini cha seli nyingine katika uboho wa wagonjwa wa lupasi. Seli hiyo, iliyoitwa seli ya LE, ndiyo iliyofungua njia ya kugundua kwamba damu ya wagonjwa hao ina kitu kinachovishambulia viini.

Kipimo cha kwanza leo ni kile cha kingamwili dhidi ya kiini, ambacho maabara hukiita ANA. Seramu ya mgonjwa huzimuliwa na kumwagwa juu ya seli zilizooteshwa maabara, kisha rangi inayong'aa huonyesha kama kingamwili zimeshika. Karibu wagonjwa wote wa lupasi, takribani 98 kati ya 100, huwa na ANA wakati fulani wa ugonjwa wao. Ndiyo maana vigezo vya kuainisha lupasi vilivyotolewa mwaka 2019 na wataalamu wa Ulaya na Marekani vinadai ANA ya angalau 1:80, yaani inayoonekana hata seramu ikizimuliwa mara 80, kabla ya kuangalia jambo jingine lolote.

Kutokuwa na ANA kunaitia shaka lupasi, ila kuwa nayo hakuithibitishi. Katika kiwango hichohicho cha 1:80, takribani watu 13 kati ya 100 wenye afya njema hutoa majibu chanya, na katika 1:160 hubaki watu 5. Uzee, maradhi ya tezi dundumio, homa ya ini, kifua kikuu, malaria na maambukizi mengine ya muda mrefu huweza kuiamsha pia. Kwa hiyo kumpima ANA kila anayelalamikia uchovu au maumivu ya mgongo ni kumtafutia hofu. Kipimo hiki kina thamani pale ambapo mwili wenyewe umekwisha kutoa ishara: viungo vilivyovimba, upele wa mashavuni unaochochewa na jua, vidonda vya kinywani visivyouma, upungufu wa chembe za damu, au protini kwenye mkojo. Kikisha kuwa chanya hakuna haja ya kukirudia, kwa sababu kupanda na kushuka kwake hakuendi sambamba na ukali wa ugonjwa.

Kingamwili hizi huweza kutangulia dalili kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulitumia seramu zilizohifadhiwa za wanajeshi 130 wa Marekani ambao baadaye walipata lupasi. Wanajeshi 88 kati ya kila 100 walikuwa na otoantibodi kabla ya kutambuliwa kuwa wagonjwa, wengine miaka tisa kabla. ANA, kingamwili za Ro na zile za fosfolipidi, ambazo zitaelezwa hapa chini pamoja na nyingine, zilitokea mapema. Za DNA zilifuata. Za Sm na RNP zilijitokeza ugonjwa ulipokaribia. Mtu mwenye kingamwili bila dalili huwa hapewi dawa za kupooza kinga. Hufuatiliwa tu, maana wengi wa namna yake hawataugua kamwe.

Kingamwili dhidi ya DNA yenye nyuzi mbili ndizo zinazobeba uzito mkubwa zaidi. Hupatikana kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa na ni nadra kwa wasio na lupasi, hasa zikiwa nyingi. Tofauti na ANA, hizi hupanda na kushuka pamoja na ugonjwa, na zina uhusiano wa karibu na uvimbe wa figo. Husomwa pamoja na C3 na C4, protini za damu ambazo hutumika na kupungua pale mafungamano yanapowasha uvimbe. Kingamwili za DNA zikipanda huku C3 na C4 zikishuka, figo ziko hatarini hata kama mgonjwa anajisikia mzima. Hapo kinachotakiwa mara moja ni mkojo: protini, chembe nyekundu, kisha kipimo cha kreatinini kwenye damu. Katika hospitali ya wilaya isiyoweza kupima kingamwili, kijiti cha kupimia mkojo kinachotumika kila mgonjwa anapokuja kliniki kinaweza kuokoa figo, na hakuna udhuru wa kukiacha. Kipande cha figo kikichukuliwa na kuangaliwa kwa hadubini ndicho kinachoamua aina ya uvimbe na ukali wa tiba. Namba ya kingamwili peke yake haitoshi kumwanzishia mtu dozi kubwa za prednisoloni.

Kingamwili za Sm hupatikana kwa wachache, lakini zikionekana karibu hakika ni lupasi. Huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Hazifuati mwendo wa ugonjwa, hivyo hupimwa mara moja tu. Zile za RNP huambatana na vidole vinavyobadilika rangi kwenye baridi, na pengine shinikizo la damu kwenye mishipa ya mapafu.

Kingamwili za Ro humhusu zaidi mwanamke anayetarajia kuzaa. Huendana na ngozi isiyostahimili jua, na huweza kupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Wengi wa watoto hao huzaliwa salama. Wengine hupata upele unaotoweka ndani ya miezi michache, kingamwili za mama zinapokwisha. Takribani mimba 2 kati ya 100 hupata shida kubwa zaidi: njia za umeme za moyo wa mtoto huharibika, kwa kawaida kati ya wiki ya 18 na ya 24, na mapigo hupungua. Uharibifu kamili haurudi nyuma, na watoto wengi wa aina hiyo huhitaji kifaa cha kuendesha mapigo. Mama aliyewahi kupata mtoto wa namna hiyo ana hatari kubwa zaidi katika mimba inayofuata, na dawa ya haidroksiklorokwini huipunguza. Mama mwenyewe anaweza kuwa hana dalili yoyote ya lupasi.

Kingamwili dhidi ya fosfolipidi zipo kwa karibu theluthi moja ya wagonjwa. Hupimwa kwa njia tatu: kadiolipini, beta-2 glaikoprotini I, na kizuia mgando cha lupasi, ambacho huchelewesha damu kuganda ndani ya chupa ya maabara lakini mwilini huigandisha. Matokeo yake ni damu kuganda miguuni au mapafuni, kiharusi kwa kijana, na mimba kuharibika mara kwa mara. Majibu chanya hurudiwa baada ya wiki 12, kwani maambukizi huweza kuyaleta kwa muda. Mjamzito mwenye tatizo hili hupewa aspirini ya dozi ndogo pamoja na sindano za heparini. Aliyewahi kugandisha damu huhitaji warfarini kwa muda mrefu, ambayo hubadilishwa akishika mimba kwa kuwa humdhuru mtoto.

Vipimo vya kaswende vya VDRL na RPR hutumia kadiolipini, hivyo mwanamke mwenye kingamwili hizi anaweza kuambiwa ana kaswende ambayo hajawahi kuugua. Katika kliniki ya wajawazito, jibu hilo linaweza kuvunja nyumba. Ni haki yake kupimwa kwa kipimo cha pili kinachotafuta kingamwili za kimelea chenyewe kabla neno hilo halijaandikwa kwenye kadi yake.

Zimebaki kingamwili za histoni, yaani protini zinazofungamana na DNA. Kingamwili hizi huonekana kwa wingi katika lupasi inayoletwa na dawa. Miongoni mwa dawa hizo ni haidralazini ya shinikizo la damu na isoniazidi ya kifua kikuu. Baadhi ya wanaotumia isoniazidi hupata ANA bila kuugua, na hawapaswi kuiacha kwa sababu hiyo. Wachache wanaopata homa, maumivu ya viungo au maji kwenye utando wa mapafu huhitaji daktari awabadilishie dawa, na dalili kwa kawaida huisha ndani ya wiki au miezi, ingawa kingamwili zenyewe huweza kukaa kwenye damu muda mrefu zaidi.