Shule Inayoanza kwa Kuanguka

Sisi wa Katanga tuliwajua Wajapani kwa shaba, maana katika miaka ya 1970 waliichimba huko Musoshi, karibu na Kasumbalesa. Lakini kwao kuna mali nyingine, ambayo msafiri haichimbi wala hainunui. Sharti ajifunze kwa mwili wake. Mali hiyo ni judo, yaani “njia ya ulaini”.

Mwanzilishi wake, Kano Jigoro, alikuwa mwalimu. Mwaka 1882 alifungua shule yake, Kodokan, ndani ya hekalu la Kibudha mjini Tokyo, penye mikeka 12 tu. Leo ukumbi wake mkuu una mikeka 420, na mgeni aweza kuketi juu akatazama.

Mgeni atakaye kujaribu mwenyewe huvua viatu, huinama kwa heshima, kisha hufundishwa jambo la ajabu: kuanguka. Huficha kidevu kifuani, hupiga mkeka kwa mkono mzima, huinuka, huanguka tena. Baadaye ndipo afundishwapo kumwangusha mwenzake. Wala hawasukumani kama mafahali: akusukumaye, wamvuta, akuvutaye, wamfuata, na nguvu zake mwenyewe ndizo zimwangushazo.

Ulaini huo wamfaa nini mtu aliyeonewa? Tumtazame Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu. Alipokuwa mtoto, vita vilimtenga na jamaa zake. Akapotea msituni siku 8, kisha akapelekwa Kinshasa, katika makao ya watoto waliokimbia vita. Huko ndiko alikojifunza judo. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, akaomba hifadhi Brazil, na Yolande Mabika, binti wa Bukavu pia, akafanya vivyo hivyo. Mwaka 2016, katika Olimpiki ya mji huohuo, wote wawili walishindana katika timu ya kwanza ya wakimbizi. Mabika alishindwa mapema. Misenga alishinda pambano moja, akashindwa la pili. Medali hawakupata. Lakini walioangushwa na vita walikuwa wamesimama mbele ya mataifa.

Basi, mzazi wa Lubumbashi, mwanao akiomba kujifunza judo, usiulize kwanza atawashinda wangapi. Mwulize mwalimu: “Siku ya kwanza utamfundisha nini?” Akijibu, “Kuinama na kuanguka,” mwache mtoto aende. Maana adui wa kumwangusha huenda asimpate maishani. Lakini kuanguka, nani aliyeepukana nako?