Sura ya Tatu: Mkono Mmoja, Kazi Nyingi

Katika vihamba, yaani mashamba ya urithi, vya Kidia na Tela, Old Moshi, jani jipya la mgomba huchomoza likiwa limeviringika, na hukaa hivyo kwa muda mfupi tu kabla ya kukunjuka. Ndani ya jani la namna hiyo ndimo anamolala popo mdogo wa migombani, mwenye uzito wa gramu chache. Jani linateleza, lakini haanguki: chini ya kidole gumba na kwenye nyayo ana ngozi nene, laini, inayoshika. Giza likiingia hutoka kuwinda wadudu.

Litazame bawa lake kwa karibu. Mfupa mmoja unatoka begani hadi kwenye kiwiko. Hapo inaanza mifupa miwili, mmoja imara na mwingine uliopungua sana, kisha vifupa vya kifundo, kisha vidole vitano. Gumba ni fupi na lina ukucha. Vile vinne vimerefuka kupita kiasi na kutandaza ngozi nyembamba. Sasa papasa mkono wako mwenyewe. Utaikuta mifupa ile ile, kwa mpangilio ule ule.

Mpangilio huo ni urithi uliotoka majini. Mwaka 2004 wanasayansi walichimbua kaskazini kabisa mwa Kanada mabaki ya Tiktaalik, samaki aliyeishi miaka milioni 375 hivi iliyopita, ambaye mapezi yake yalikwishakuwa na mifupa ya bega, kiwiko na kifundo. Hapa kwetu, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa samaki aitwaye silakanti, ambaye pezi lake la nyama limeungwa begani kwa mfupa mmoja, sawa na mkono wetu. Silakanti si babu yetu. Ni binamu wa mbali aliyebaki baharini.

Waliopanda nchi kavu waliugeuza urithi huo kwa njia nyingi. Kinyonga anayetambaa kwenye mimea ya masale mpakani mwa kihamba ana vidole vitano kila mguu, vilivyofungwa mafungu mawili yanayobana kijiti pande zote: miguu ya mbele vitatu ndani na viwili nje, ya nyuma viwili ndani na vitatu nje. Perere, anayelia usiku katika msitu ulio juu ya vihamba, ni jamaa wa tembo. Ana vidole vinne mbele na vitatu nyuma, na hupanda miti kwa nyayo laini zenye jasho, zinazong'ang'ania gome. Mbega naye gumba lake limebaki kishina tu. Hushika tawi kwa vidole vinne vilivyopinda.

Mabadiliko haya huanzia tumboni. Mwanzoni vidole vya popo aliye bado tumboni hulingana kwa kadiri na vya panya. Baadaye ndipo gegedu lake hukua kwa kasi. Jeni zinazoanzisha mkono ni zile zile. Kinachotofautiana ni zinafanya kazi lini, wapi na kwa kiasi gani. Tofauti ndogo za aina hiyo hutokea kila kizazi, na zile zinazomsaidia mnyama kuishi na kuzaa ndizo zinazoenea.

Mrithi wa kihamba hupanga upya migomba na kahawa, lakini mipaka na mfongo, yaani mfereji wa maji, vilikwishawekwa na waliomtangulia. Mageuko ya viumbe nayo hutumia kilichopo. Mbayuwayu anayepita juu ya kihamba hicho hicho anaruka kama popo, lakini vidole vyake vimebaki vitatu, vimepungua na kuungana, na kinachobeba hewa ni manyoya. Babu yao wa pamoja hakuwa na bawa. Kila ukoo ulilipata kwa njia yake, kutokana na mkono ule ule wa zamani.

Kwa hiyo, mbele ya kiungo chochote, uliza maswali mawili: kinafanya kazi gani, na kilirithiwa kutoka kwa nani? La kwanza linaeleza kwa nini popo na mbayuwayu wote wana mabawa. La pili linaeleza kwa nini mabawa hayo hayafanani.