Gatina Kuna Mafundi

Lugha yetu ina neno moja zuri ambalo watu wa mijini wameanza kulisahau thamani yake, nalo ni "fundi". Huku pwani aliyechonga mlango wa nyumba ya Mji wa Kale aliitwa fundi, aliyeunda jahazi aliitwa fundi, na hata aliyekufunza kazi alikuwa fundi wako, umwamkie kwa heshima kama baba. Hatukuwa na neno la kumtenga anayetengeneza kitu kizuri na anayetengeneza kitu cha kutumika. Vyote viwili vilitoka mkono mmoja.

Nimelikumbuka neno hilo nilipokwenda Nairobi hivi karibuni, nikashinda siku nne nikitembea Gatina, huko Kawangware, na siku mbili Kibera. Wenyeji wangu walinishangaa. "Mzee, ukitaka sanaa nenda mjini, kuna majumba ya maonyesho." Niliwajibu kwamba majumba hayo nayajua, lakini hamu yangu ni kuuona mkono unaofanya kazi, na mkono huo hauketi ndani ya kioo.

Kwa msomaji asiyepajua, Gatina ni kata katika eneo bunge la Dagoretti Kaskazini, upande wa magharibi ya jiji. Ukishuka kwenye matatu katika vituo vya Kawangware ambavyo watu huviita "arobaini na sita" na "hamsini na sita", kwa nambari za gari zilizokuwa zikifika huko, umekaribia. Upande mmoja ni Lavington ya matajiri, yenye miti na kuta ndefu. Upande wa pili ni mabati, matope wakati wa mvua, na watu wengi wenye haraka. Jina la Kawangware lenyewe latokana na ngware, ndege ambaye sisi twamwita kwale. Basi Mdigo wa Kwale na mkaazi wa Kawangware, ingawa hawajuani, wameishi kwa jina la ndege mmoja.

Nianze na vitu vya mkono. Katika njia moja nyembamba nilimkuta fundi wa bati amezungukwa na makopo matupu ya rangi na ya mafuta ya kupikia. Kopo dogo likawa koroboi, kopo kubwa likawa jiko, na vipande vilivyobaki vikawa vifuniko na vichungio. Hakuwa na mizani wala kipimo, ila jicho na nyundo. Jirani yake alikuwa akikata tairi kuukuu kutengeneza akala, viatu ambavyo mchukuzi wa sokoni huvivaa hata akasahau ni lini alivinunua. Watu hawa ndio walioitwa "jua kali" kwa kuwa waliichapa kazi pasipo kivuli, na jina hilo leo limeingia hata katika karatasi za serikali.

Mbele kidogo palikuwa na mama mmoja wa makamo ameketi kizingitini akisuka kiondo. Zamani uzi wa kiondo ulipatikana kwa maganda ya miti, mbuyu ukiwa mmojawapo; leo aghalabu ni katani, na pengine sufu iliyofumuliwa kwenye fulana kuukuu. Mwanzo ni chini, katikati ya kitako, kisha nyuzi huongezwa pande zote mpaka mduara ukae sawa, halafu ndipo ukuta wa kiondo upande juu. Akikosea hesabu kitakoni, kiondo kitapinda hadi mdomoni. Mama yule alizungumza nami bila kutazama vidole vyake. Nilimwuliza afanyaje stima ikipotea usiku. Alicheka akasema vidole havihitaji taa, na mwezi ukiwapo basi ni sherehe.

Lakini aliponieleza bei, kicheko kiliisha. Kazi ya siku kadhaa huuzwa kwa mchuuzi anayepita mlangoni. Mchuuzi humpelekea fundi wa ngozi atie mikanda, kisha kiondo huenda duka la watalii, na huko bei yake huwa mara nyingi ya ile aliyolipwa msusi. "Mimi sijui kinakoishia," alisema. Mtu ametengeneza kitu kizuri, na hajui kinakokwenda wala kinauzwa kwa kiasi gani.

Nilipofika Kibera nilikwenda kuwatazama wachongaji wa mifupa. Mifupa hutoka kwa wachinjaji na wauza nyama. Huchemshwa mpaka mafuta yote yatoke, hukatwa kwa msumeno wa umeme, husuguliwa, kisha huchorwa kwa nta. Ukitiwa rangi nyeusi, mahali penye nta hubaki peupe, na nta ikitolewa pambo huonekana. Hivyo hupatikana shanga, bangili, vifungo na vijiko. Vumbi la mifupa lina madhara kwa mapafu, na si kila kijana aliyekuwa kwenye msumeno alikuwa amejifunga kitambaa puani.

Hapo swali la madrasa lilinijia, na najua msomaji pia amekwisha kuliuliza: mfupa huo ni tohara? Kwa madhehebu yetu ya Kishafii, mfupa wa mnyama wa halali aliyechinjwa kisharia ni tohara, na wa nyamafu ni najisi. Katika machinjio ya Kenya aghalabu mchinjaji huwa Mwislamu, ili kila mtu aweze kula, lakini mnunuzi mwangalifu ana haki ya kuuliza, na fundi mwaminifu hakasiriki kuulizwa. Tukumbuke vilevile kwamba wazee wetu walichonga pembe za ndovu. Siwa ya Pate ni ya pembe, na imo katika makumbusho ya Lamu pamoja na siwa ya shaba ya Lamu yenyewe. Biashara ya pembe duniani ilipigwa marufuku mwaka 1989, na mwaka 2016 Kenya ilichoma tani 105 za pembe katika mbuga ya Nairobi. Fundi wa Kibera ameupata weupe ule kwa mfupa uliokuwa utupwe jaani.

Kibera pia nilikutana na kitu kilichonirudisha nyumbani. Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari kutoka Sudani katika jeshi la King's African Rifles na wakakaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20, ndio waliopaita mahali hapo Kibra, yaani msitu. Ni Waislamu. Wanawake wao husuka vifuniko vya chakula vya rangi kali, nyekundu, kijani na zambarau, vyenye mapambo yanayozunguka kama gurudumu. Mama wa Kinubi aliponifunulia sinia kwa kifuniko kile nilisema moyoni: hii ni kawa! Ni ile kawa ya ukindu ya bibi zetu, imevaa nguo nyingine. Huku kwetu kawa nyingi sasa ni za plastiki kutoka ng'ambo. Kule Kibera mama anamfunza binti.

Sasa tuje kwenye kuta. Gatina kila duka limechorwa. Kinyozi ana vichwa vitatu vyenye mitindo ya nywele, mwuza nyama ana ng'ombe anayetabasamu asijue yatakayompata. Wachoraji hawa hulipwa kwa bango, na wengine kwa nyama au kwa kunyolewa.

Nilimkuta kijana mmoja, Mkristo kutoka magharibi ya Kenya, amepanda ngazi anaandika neno "halali" kwa herufi za Kiarabu juu ya duka la nyama. Alikuwa akinakili kutoka kipande cha karatasi. Mkono wake ulikuwa mzuri, lamu zake zimesimama kama minara. Ila kwa kupenda urembo aliiwekea herufi ya kwanza nukta juu yake, na msomaji aliyepita chuoni ajua kilichotokea: ha imekuwa kha, na "halali" imegeuka "khilali", ambayo kwa Kiarabu ni kijiti cha kuchokolea meno. Nilimwambia kwa upole kwamba neno lake lafaa kwa mwuza nyama, lakini kwa baada ya kula. Alicheka mpaka ngazi ikatikisika, akaifuta nukta kwa kitambaa, kisha akaniomba nimwandikie alifu mpaka ye nyuma ya karatasi ile. Nikamwandikia zote, na nukta zake.

Maandishi hayakomei kwenye kuta. Matatu za Nairobi zina maneno na sura za watu mashuhuri. Mwaka 2004 sheria za Waziri John Michuki ziliamuru mstari wa manjano na kuyaondoa mapambo. Baadaye, katika enzi ya Rais Uhuru Kenyatta, yakaruhusiwa tena. Sisi wa pwani tusiyaone mageni. Kanga zetu zimebeba majina kwa vizazi, na mwanamke amemjibu jirani yake kwa mgongo bila kufungua kinywa. Matatu ni kanga yenye magurudumu.

Na kuna wakati ukuta husema jambo zito. Mwaka 2001 vijana wawili wachora mabango, Otieno Gomba na Otieno Kota, walianzisha Kibera kundi la Maasai Mbili. Jina lilitokana na desturi yao ya kuvaa kama Wamasai ili watu wawatambue walipokuwa wakitafuta kazi. Kisha ikaja fitina ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini. Msanii wa Kibera, Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo 7, alichukua rangi akaenda akiandika wito wa amani kwenye kuta na milango, mahali baada ya mahali. Silaha yake ilikuwa brashi, na alitoka nayo siku ambazo wengi waliogopa kutoka.

La mwisho ni picha. Huku pwani picha ina historia yake: Mombasa palikuwa na studio ya Parekh, na Lamu Omar Said Bakor alifungua yake katika miaka ya 1960, akiunganisha picha na maua na mapambo kwa namna ambayo leo watafiti huitafuta. Mjadala wa taswira nao ni mkongwe. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika kuijuzisha picha ya kamera kwa hoja kwamba ni kivuli kilichozuiwa, wala si kuumba. Wengine hawakukubaliana naye, na khitilafu ingalipo.

Swali la Gatina na Kibera ni jingine: picha ni ya nani? Wageni huja na kamera wakapiga mtoto asiye na viatu, wakaondoka. Lakini Januari 2009 Mfaransa aitwaye JR alifunika kiasi cha mita mraba 2,000 za mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa hapo. Alizichapisha kwenye plastiki isiyopenya maji, ili picha iwe pia kinga ya mvua. Treni ilipopita na macho yaliyobandikwa ubavuni mwake, yalikutana na nusu za nyuso zilizokuwa kwenye mteremko. Mwenye nyumba akapata sura na paa. Hiyo ndiyo adabu ya picha: uombe ruhusa, umsitiri mtu, na umwachie kitu.

Kazi zote hizi zimesimama juu ya ardhi isiyo yao. Wanubi walingoja zaidi ya miaka 100 kabla ya kupewa, mwaka 2017, hati ya ekari 288. Mwaka 2018 tingatinga zilibomoa nyumba nyingi Kibera kupisha barabara, na ukuta unapoanguka huanguka na mchoro wake. Ndiyo maana nawaomba wasomaji: ukinunua kwa fundi, nunua mkononi mwake, usimkamue bei, na umwulize jina lake. Na hapa kwetu, kabla kawa ya mwisho haijaoza, mpeleke binti kwa bibi akajifunze.

Mkono wenye ujuzi, hauketi ukakoma,
Hata kwa taa ya mwezi, hupapasa ukafuma,
Si mali ya wenye enzi, ni ya wote ni neema,
Tuienzi yao kazi, isije ikatuhama.