Kupiga Hema Kando ya Maji

Mtu asafiriye katika mkoa wa Singida mwezi wa Oktoba huona nchi kavu. Majani yamekauka yakawa rangi ya simba, mibuyu imesimama bila jani hata moja, na mito mingi haina kitu ila mchanga mweupe, ambamo wanawake huchimba visima na kuchota maji kidogo kidogo kwa kata. Akipita njia ile ile mwezi wa Machi, huenda akakuta hapo penye mchanga maji mekundu yaendayo kwa nguvu, hata gari haliwezi kuvuka. Mvua ya Singida aghalabu huanza mwezi wa Novemba au Desemba, ikaisha mwezi wa Aprili au Mei. Kisha mbingu hufungwa mpaka majira yarudi. Maji ya mwaka mzima huja katika miezi hiyo michache, na mara nyingi huja kwa ghafula.

Kwa hiyo watu wa nchi hiyo hupathamini sana mahali ambapo maji hutulia, yaani maziwa, mabwawa, na malambo yaliyochimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Hapo ndege hukusanyika, hapo samaki huvuliwa, na hapo vijana wa shule, hasa maskauti, hupenda kupiga hema zao siku za likizo. Jambo hilo ni jema. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliianza kazi yake mwaka 1907 kwa kuwachukua wavulana wapatao 20 kulala hemani katika kisiwa cha Brownsea, huko Uingereza. Alipozeeka alikuja kukaa Nyeri, katika nchi ya Kenya, akafa huko mwaka 1941, na kaburi lake lipo huko hata leo. Lakini maji yaliyotulia si maji yaliyokufa. Ziwa hupanda na kushuka, na mwenye hema asiyejua desturi yake aweza kupoteza chakula chake, nguo zake, na hata uhai wake.

Kwanza yafaa kujua kazi ya ziwa, ambayo watu wengi hawaifikirii. Mvua ya milimita 50 yaweza kunyesha katika alasiri moja. Ikianguka juu ya kilometa mraba moja tu ya nchi, ni lita milioni 50 za maji. Sehemu hunywewa na ardhi. Lakini udongo uliochomwa na jua kwa miezi sita huwa mgumu kama sakafu, na penye miamba maji hayaingii kabisa. Yaliyosalia hukimbilia bondeni yote pamoja. Yakikuta mahali ambapo bonde ni pana, hutawanyika, hupunguza mbio, huacha tope lake, kisha hutoka polepole upande wa pili. Watu wakaao chini hupata kwa muda wa wiki nyingi maji ambayo yangaliwajia kwa usiku mmoja. Hivyo ndivyo bwawa linavyozuia gharika: haliyakatazi maji kupita, bali huyachelewesha.

Katika bonde la mto Tennessee, nchi ya Marekani, mafuriko yalikuwa yakiharibu mashamba na miji mara kwa mara. Serikali ikajenga mabwawa mengi, na mojawapo ni bwawa la Norris katika mto Clinch, lililomalizika mwaka 1936. Kabla ya majira ya baridi maji ya bwawa hilo hushushwa kwa makusudi, ili pawe na nafasi ya kupokea mvua nyingi. Majira ya joto yakija, bwawa huwa limejaa tena, na watu huenda kuvua samaki, kupiga makasia, na kulala hemani katika misitu ya kandokando. Bwawa lile lina kazi mbili, na kazi hizo hazipatani sana. Mwenye mashua hupenda kuliona limejaa. Mwenye shamba la bondeni hupenda liwe na nafasi tupu, maana bwawa lililokwisha kujaa haliwezi kupokea gharika.

Singida haina bwawa kama Norris, lakini lipo ziwa Kitangiri, lisilojengwa na mikono ya watu. Liko upande wa kaskazini-magharibi wa mkoa, chini ya nchi ya juu ya Iramba. Mto Wembere huliendea kutoka kusini, ukipita katika mbuga iliyo tambarare sana, ambayo wakati wa masika hugeuka kuwa kinamasi kikubwa. Hapo maji ya mvua hupumzika mara ya kwanza. Katika Kitangiri hupumzika mara ya pili. Ndipo hutoka kwa mto Sibiti na kwenda mpaka ziwa Eyasi. Eyasi halina njia ya kutokea. Maji yake huondolewa na jua tu, na chumvi yote iliyochukuliwa njiani hubaki. Kwa sababu hiyo Eyasi ni ziwa la chumvi, lakini Kitangiri lina perege na kambare, na wavuvi hupata riziki yao humo. Maziwa mawili yaliyo karibu na mji wa Singida, yaani Singidani na Kindai, yanafanana na Eyasi kwa jambo hilo. Maji yake hayafai kunywa, lakini heroe na mwari huyapenda, na mtu akikaa jioni juu ya miamba mikubwa ya Singidani ataona ndege wengi kuliko awezavyo kuhesabu.

Maziwa haya yote yana tabia moja ambayo mwenye hema lazima aikumbuke: kingo zake zina mteremko mdogo sana. Tuseme nchi ya ukingoni huinuka mita 1 tu kwa kila mita 500. Basi maji yakipanda nusu mita, jambo ambalo mtu aliyesimama hatalihisi, ukingo wa ziwa utasogea mita 250 kuingia nchi kavu. Ziwa la namna hiyo halishambulii kwa kishindo. Huja kimya usiku, na mtu huamka akikuta sufuria yake inaelea.

Lakini ziwa lenyewe huandika habari zake, na asomaye vizuri hatadanganyika. Juu ya miamba ya maziwa ya chumvi huonekana mstari mweupe. Hapo ndipo maji yalipofika zamani. Miti iliyokufa ikiwa imesimama ndani ya maji, ni ishara kwamba maji yaliwahi kupungua miaka mingi, hata miti ikapata nafasi ya kukua, kisha yakarudi. Udongo mweusi uliopasuka vipande vipande kama vigae ni kitanda cha ziwa, hata kama ziwa lenyewe halionekani. Mabua na takataka zilizopangwa kwa mstari mrefu majanini ni mpaka wa maji ya juzi. Hema na ipigwe juu ya alama hizo zote, wala si hatua mbili tatu juu, bali mbali.

Hatari iliyo kubwa zaidi haiko ziwani. Iko katika makorongo yaingiayo ziwani. (Neno hili lina maana mbili: korongo ni ndege mwenye miguu mirefu, tena ni mfereji mkubwa uliochimbwa na maji ya mvua. Hapa ni la pili.) Wafikiriwe wavulana kumi waliosafiri na mwalimu wao mwezi wa Januari kuelekea Kitangiri. Wamechoka, jua linakaribia kuchwa, na mbele yao pana korongo kavu lenye mchanga laini na kivuli cha mikuyu. Wanatua mizigo na kuanza kufungua hema. Mzee mmoja anapita akirudisha mbuzi nyumbani.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Mtalala wapi?”

“Hapa mchangani, babu. Pana kivuli, na mchanga ni laini.”

Mzee haji na maneno mengi. Anainua fimbo yake na kuonyesha tawi la mkuyu lililo juu ya vichwa vyao. Katika tawi hilo yamening'inia majani makavu na bua moja la mtama.

“Nani aliyeyatundika yale?” anauliza.

Wavulana wanatazamana. Mwalimu anasema, “Ahsante, mzee wangu,” nao wanafunga mizigo upya na kupanda juu ya ukingo, wengine wakinung'unika, kwa maana huko juu pana changarawe na miiba.

Usiku huo halidondoki tone hata moja mahali walipo. Nyota zote zinaonekana. Lakini mbali sana, juu ya milima ya Iramba, umeme unamulika bila sauti. Katikati ya usiku wanasikia kitu kama upepo mwingi ukija, na miti haitikisiki. Kisha maji yanafika, yakitanguliwa na povu na vijiti, yakigongesha mawe. Na kwa muda wa dakika chache lile korongo limejaa ukingo hadi ukingo. Asiyewahi kuona jambo hilo hudhani gharika haina budi kuja na mvua. Sivyo. Mvua hunyesha juu, na maji huua chini, penye anga safi.

Mahali pafaapo, basi, ni juu ya ukingo, penye mteremko mdogo ili maji ya mvua yasisimame chini ya hema, na mfereji mdogo uchimbwe kuizunguka. Hema isipigwe chini ya mti ulio peke yake uwandani, maana radi huupiga. Miamba hukinga upepo, nao upepo wa Singida wakati wa kiangazi una nguvu, ukitoka zaidi upande wa mashariki. Kwa hiyo hema hukaa vizuri magharibi ya mwamba. Hata hivyo nyufa za miamba zipigwe fimbo kwanza, kwa sababu nyoka nao hupenda kukingwa na upepo. Moto uwashwe mahali palipofyekwa, na ukizimwa umwagiwe maji mpaka majivu yapoe mkononi. Penye viboko, njia zao kutoka majini kwenda malishoni zisizibwe na hema wala na mtu. Huonekana wazi, kwa kuwa zimekanyagwa zikawa kama mifereji. Na kabla ya yote hayo, mwalimu huenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ruhusa, kwani hakuna nchi isiyo na wenyewe.

Kuhusu kuoga, yapo mambo yasiyoonekana kwa macho. Katika mabwawa na malambo ya maji matamu huishi konokono wadogo, na ndani yao hukua wadudu wa kichocho. Mgonjwa wa kichocho akikojoa au akienda haja majini, mayai hutoka pamoja na uchafu wake, huanguliwa, na vijidudu huingia katika konokono. Baada ya wiki kadhaa hutoka wengi mno, wakiogelea kumtafuta mtu. Akiingia majini hutoboa ngozi yake kwa dakika chache, wala yeye hasikii kitu mpaka baadaye sana, anapoona damu katika mkojo. Saa za mchana, jua likiwa kali, ndizo wanazotoka kwa wingi, na ndizo saa ambazo wavulana hupenda kuogelea. Dawa iko hospitalini, tena ni nzuri. Lakini aliyepona akiyarudia maji yale yale huugua tena. Kwa hiyo maji ya kuoga huchotwa, huchemshwa, kisha huachwa yapoe. Maji ya kunywa huchujwa kwa kitambaa safi na kuchemshwa mpaka yatokote. Choo huchimbwa mbali na maji, hatua mia au zaidi, wala kisiwe juu ya mahali pa kuchotea. Usiku kila mmoja hulala ndani ya chandalua, kwa sababu penye maji yaliyotuama pana mbu.

Watu wengine husema kwamba taabu zote hizi zaondoa furaha ya kambi. Waulizwe wale wavulana kumi. Asubuhi baada ya gharika walikaa ukingoni wakitazama maji yakipungua, na kufika saa sita korongo lilikuwa vidimbwi tu. Siku ya pili walifika Kitangiri, wakapiga hema mbali juu ya mstari wa mabua, na mkubwa wao akasimamisha kijiti penye ukingo hasa wa ziwa, ili wajue mwendo wa maji. Jioni walivuta ndoano, wakala kambare kwa ugali wa mtama, wakasikiliza vyura.

Kulipokucha waliona ziwa limetulia kama jana, wala hapakuwa na aliyesikia sauti yoyote usiku. Maji yaliyopita kwa kishindo katika makorongo mengi yalikuwa yameingia ziwani na kunyamaza. Walipokitafuta kijiti walikikuta kimesimama majini, nao wakahesabu hatua 25 kutoka ukingo mpya. Mkubwa wao aliingia na kupima. Alikuwa amevaa viatu vya mpira vilivyomfika magotini, kwa kuwa hakusahau habari za konokono. Kina cha maji penye kijiti kilikuwa vidole viwili. Akatoa kisu, akakata alama usawa wa maji, akarudi kuwaambia wenzake wasogeze hema juu zaidi.