Nahodha si yule afungaye mabao mengi

Aghalabu tuulizwapo ni nani anayefaa kuongoza timu, jibu hutujia upesi: apewe yule aliye hodari kupita wenzake. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi, hadi uwanja wa mchanga wa Bura uliponikumbusha kwamba mwalimu naye ni mwanafunzi.

Msomaji asiyezuru pande hizi huenda asijue kwamba Bura ni mbili. Moja iko magharibi mwa Mto Tana, nayo ndiyo ya mradi wa unyunyizaji. Ya pili iko ng'ambo ya pili, upande wa Garissa. Ni huku kwa pili nilikofunza, na pamoja na vipindi vyangu vya Kiswahili nikakabidhiwa usimamizi wa michezo. Mazoezi tuliyafanya jioni, jua likishapunguza ukali wake. Adui wetu wa kwanza hakuwa timu pinzani, bali miiba ya mathenge iliyotoboa kila mpira tuliojaliwa kuupata.

Mwaka mmoja nilimteua kuwa nahodha mvulana aliyekuwa na mbio za swara. Alifunga mabao, alishangiliwa, nami nikaona nimepiga ndipo. Siku ya mchuano uliotuhusu sana, kijana huyo hakumpa mtu mpira. Kila aliponyang'anywa aliwageukia wenzake na kuwakemea mbele ya watazamaji. Kufikia kipindi cha pili, walinzi wetu walikuwa wameacha hata kumwita. Tulifungwa. Tuliporejea nyumbani juu ya lori, hakuna aliyezungumza, na katika kimya kile nilitambua kwamba kosa halikuwa la kijana. Lilikuwa langu mimi niliyedhani kipaji na uongozi ni kitu kimoja.

Muhula uliofuata niliwaachia wachezaji wenyewe wachague. Walimchagua beki wa kushoto, mvulana mpole ambaye sikumbuki akifunga bao hata moja. Nilipouliza sababu, mmoja wao akanijibu, "Mwalimu, sisi tukikosea huyu hutuambia tujaribu tena." Nahodha wa zamani alisusa mazoezi. Sikumfuata, kusema kweli, nilikuwa na hasira naye. Aliyemfuata hadi kwao ni yule beki, akamwambia kwamba timu haina winga na kwamba wote wanamngoja. Alirudi. Hatukutwaa kombe mwaka huo, lakini tulicheza kama watu kumi na mmoja, na yule mwenye mbio za swara akajifunza kutoa pasi.

Wahenga wa Kiswahili walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wazee wa Kisomali nao husema kidole kimoja hakioshi uso. Methali hizi wanafunzi wetu huzikariri kwa ajili ya mtihani. Michezo huwapa nafasi ya kuziishi.

Mfano ninaopenda kuwasimulia ni wa Olimpiki za mwaka 1968 mjini Mexico. Katika fainali ya mita 1,500, Mmarekani Jim Ryun aliogopwa kwa kasi yake ya mwisho. Kijana wa Kenya, Ben Jipcho, alitoka mbele na kuukimbia mzunguko wa kwanza kwa takriban sekunde 56, kasi iliyokuwa kali mno katika mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Kipchoge Keino alishika uongozi baadaye, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9, mbele ya Ryun kwa karibu sekunde tatu. Jipcho alimaliza wa kumi. Dunia ilimkumbuka Keino, na ilistahili, lakini nani aliyeijenga njia ya ushindi ule? Jipcho mwenyewe hakupotea: mwaka 1972 mjini Munich alipata fedha nyuma ya Keino katika mbio za kuruka viunzi na maji, na mwaka 1974 mjini Christchurch akatwaa dhahabu mbili za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Aliyemtumikia mwenzake leo, kesho naye aliongoza.

Mfano wa pili ni wa juzijuzi, na ndio uliozua mjadala mkali darasani. Tarehe 8 Agosti 2021 mjini Sapporo, Japani, Eliud Kipchoge alishinda mbio za marathoni za Olimpiki kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 38. Nyuma yake watu watatu waliwania medali mbili: Abdi Nageeye wa Uholanzi, Bashir Abdi wa Ubelgiji na Mkenya Lawrence Cherono. Nageeye na Bashir wote walizaliwa Mogadishu na wakakulia ugenini. Katika mita za mwisho Nageeye aligeuka nyuma na kumpungia mkono rafiki yake aliyekuwa akichoka, akimhimiza aje. Nageeye akapata fedha, Bashir akapata shaba, na Cherono akakosa medali kwa sekunde mbili tu.

Wanafunzi wangu walishangilia. Kisha msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, lakini aliyekosa ni Mkenya mwenzetu. Sisi tushangilie nani?" Darasa zima likanyamaza. Mahali ambapo mtoto hukua akiulizwa mara kwa mara kama yeye kweli ni Mkenya, swali hilo si la michezo pekee. Nilimjibu kwamba moyo wa mtu si chumba cha kitanda kimoja. Tunaweza kuihurumia nafasi ya Cherono, tukajivunia dhahabu ya Kipchoge, na bado tukajifunza kwa Nageeye. Yeye hakumzuia Cherono wala kumkanyaga. Alichofanya ni kumwita aliyekuwa akilegea, ilhali angeweza kujishughulisha na medali yake tu. Aliyefanya hivyo kwa mwenzake kutoka Mogadishu anatufunza sisi kufanya hivyo kwa mwenzetu yeyote, awe wa ukoo wetu au la.

Ndipo nifikapo penye dukuduku langu. Chini ya mfumo wa 8-4-4, somo la mazoezi ya viungo lilikuwamo katika ratiba, lakini kwa kuwa halikutahiniwa, katika shule nyingi kipindi chake kilimezwa na masomo ya mtihani. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa stadi za msingi. Je, ushirikiano utafunzwa kwa kuandikwa ubaoni? Mtoto atajua vipi kupokea lawama, kumwachia mwenzake nafasi, au kumrudisha aliyesusa, ikiwa siku nzima ameketi dawatini akishindana na jirani yake kwa alama?

Walimu wenzangu, tusiibe kipindi cha michezo. Na tunapochagua manahodha na viranja, tusiangalie tu nani yuko mbele. Tuangalie ni nani anayegeuka nyuma. Nanyi wanafunzi, msihuzunike mkiwa mabeki wasiofunga mabao. Yule wa Bura hakufunga hata moja, lakini alitembea hadi mlangoni kwa mwenzake aliyekasirika, safari ambayo mimi, mwalimu wake, sikuwa na ujasiri wa kuifunga.